Baiskeli ninayo, hamu ya kuipanda ndo sina

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wa baiskeli wamechoka. Wameanza vizuri, hali ya hewa ikageuka ikakataa kurudi, na moyo ukaenda nayo. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida yetu hapa, nadhani ukiisoma utaelewa kwa nini.

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni mtu wa Shinyanga, kwetu baiskeli ni kama miguu, nimeendesha tangu niko darasa la tatu. Saivi naishi Clydebank, nje kidogo ya Glasgow, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja katikati ya jiji. Mwezi wa tano nilinunua baiskeli ya mtumba nikaanza kwenda nayo kazini, kilomita 11 hivi kwenda na kurudi hivo hivo, jua linatoka mapema, napita kando ya mfereji, maji yametulia, bata wanaogelea, yaani niliona nimepata dawa ya kila kitu. Hadi tumbo likapungua. Kazini wakaanza kuniita bingwa.

Ilipoingia Novemba mambo yakageuka. Mvua haikomi. Si mvua kama ya kwetu inayopiga saa moja ikaisha jua likatoka, hii inanyesha kama inachujwa, siku tatu, siku nne, wiki, tena na upepo. Naamka saa kumi na moja ni giza, naingia kazini saa moja ni giza, natoka saa tisa na nusu nikiwa nafungua kufuli taa za barabarani zinawaka. Asubuhi najikaza nafika. Ila jioni dada, jioni natoka pale nimechoka, glovu nilizovua asubuhi nazikuta kwenye begi bado mbichi, nazivaa hivo hivo, natoka naupokea upepo usoni mpaka nyumbani, nikifika siwezi hata kuingiza ufunguo mlangoni, vidole havikunji. Viatu kesho yake bado vinatoa maji. Desemba nikaanza kukwepa siku moja moja, Januari nimeacha kabisa, leo wiki ya tatu. Baiskeli iko koridoni, naipita kwa ubavu sitaki hata kuigusa.

Naona aibu kwa sababu niliwaambia watu wote, hadi nyumbani. Halafu saivi hata vitu vingine sivitaki, Jumamosi nalala mpaka saa saba mchana, kwaya sijaenda tangu Krismasi, nakula mikate tu. Nijilazimishe nirudi, au nikubali kwamba baiskeli huku ni ya kiangazi?

Msukuma wa Clydebank

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole ya kweli, maana hayo maji unayoyasema nayajua. Mi niko Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, na majira yangu ya pili ya baridi huku kuna siku ya mwezi wa pili nilisimama chini ya daraja la reli, mvua inakuja mshazari, nikawa navua glovu ya mkono wa kulia kwa meno kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa haushiki tena. Glovu ikatoka, lakini bitana la ndani likafuatana na vidole likageuka nje, sasa kulirudisha ndani na vidole vimekufa ganzi haiwezekani, kila kidole kinaingia kwenye tundu lisilo lake. Nililia pale. Nilivofika nyumbani nikamwambia mume wangu hii baiskeli nauza. Ilinichukua siku nyingi kujua kwamba baiskeli sikuwa na ugomvi nayo, nilikuwa na ugomvi na lile bitana.

Ndo maana barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikachukua kalamu nikapigia mstari neno moja: jioni. Angalia ulivoandika. Asubuhi umeipa maneno matatu, "asubuhi najikaza nafika". Jioni umeieleza mpaka mlangoni, mpaka kwenye tundu la ufunguo. Mdogo wangu, paa lako halivuji kote. Linavuja pale.

Na kuna sababu inavuja pale, wala haitoki kwako. Chukua ramani. Clydebank iko upande wa magharibi wa katikati ya Glasgow, imepanda kaskazini kidogo, na upepo wa Scotland siku nyingi unatoka magharibi na kusini-magharibi, unatoka Atlantiki. Asubuhi ukienda kazini unakusukuma mgongoni au ubavuni wala huutambui, nani anautambua upepo wa mgongoni. Jioni ukigeuka unaukuta wote usoni. Tena upepo wa uso hauongezeki kwa adabu. Siku imetulia, ukienda kilomita 20 kwa saa, hewa inakupinga kwa kiasi fulani unachokimudu. Ukija upepo wa uso wa kilomita 30 kwa saa na wewe ukataka spidi yako ileile, hewa inayokupiga inakuwa ya 50, yaani mara 2.5, na nguvu ya hewa inapanda kwa kipeo cha pili, 2.5 mara 2.5, kwaiyo inakupinga zaidi ya mara 6. Hakuna mtu mwenye miguu mara sita. Utapunguza spidi, safari itarefuka, utakaa kwenye baridi muda mrefu zaidi huku umelowa, halafu ukifika utajiambia umekuwa mvivu.

Huku Uholanzi wanalijua hili vizuri mpaka wana mashindano ya taifa ya kuendesha dhidi ya upepo. Yalianza 2013, yanafanyika juu ya lile tuta la kuzuia bahari la Oosterscheldekering, kilomita 8.5, baiskeli za kawaida za kukaa wima zisizo na gia za kubadili, na hawana tarehe ya kudumu, wanasubiri mpaka itabiriwe dhoruba ya maana ndo wanawaita watu siku chache kabla. Watu wazima wanajiandikisha kwa hayo mateso na wakimaliza wanapigiwa makofi. Wewe unayafanya siku tano kwa wiki baada ya masaa nane na nusu ya kusimama jikoni, peke yako, gizani. Hamu isingebaki.

Kwaiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: usijilazimishe kurudi kwenye safari ileile, vunja safari. Asubuhi nenda na baiskeli, jioni panda treni na baiskeli yako. Treni za Scotland zinabeba baiskeli bila nauli ya ziada, na Clydebank mna stesheni. Wewe unatoka kazini saa tisa na nusu, kabla ya msongamano wa watu wa maofisini, nafasi ya kuiegesha utaipata siku nyingi. Najua nauli inauma, na najua ulinunua baiskeli ili usilipe nauli. Basi usifanye kila siku, tazama utabiri wa upepo usiku kabla hujalala, siku upepo ni wa kusini au umetulia rudi kwa pedeli, siku ni wa magharibi na mvua rudi kwa treni wala usione haya. Nusu ya safari kwa baiskeli ni kilomita 11. Januari hii umeendesha ngapi?

Sasa glovu. Hapa nakuomba kabisa, usivae tena glovu mbichi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 5, ukiendesha kilomita 20 kwa saa ngozi ya mkono inaisikia kama nyuzi 1, hiyo ni ngozi kavu, ikilowa ni mbaya zaidi kwa sababu maji yanabeba joto lako kuondoka nalo haraka kuliko hewa. Kuwa na jozi mbili, ya kwendea na ya kurudia, ya kurudia ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa isiguswe mpaka saa tisa na nusu. Si lazima ziwe za bei. Mi nimeendesha majira mazima na glovu za sufu za bei ya chini kabisa ndani, nje nimevaa zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa kabisa, na we uko jikoni hizo unazijua. Maji hayapiti. Mkono utatoa jasho kidogo lakini jasho ni la moto. Ukitaka kitu bora zaidi tafuta mifuko ya usukani, yale makava makubwa unayoingiza mkono mzima pamoja na breki, kama wanayofunga bodaboda wa Nairobi wakati wa baridi. Ukishayazoea utashangaa uliishije.

Viatu, madigadi. Watu wanadhani maji ya kiatu yanatoka juu, mengi yanatoka tairi la mbele, linayachota barabarani na kuyarusha miguuni kwako safari nzima. Angalia yako ya mbele inaishia wapi, kama inaishia juu juu ongezea kipande cha mpira au plastiki mpaka karibu na lami. Ukifika kazini jaza viatu magazeti, badilisha baada ya saa moja, kufika jioni vimekauka vya kutosha. Usivibandike juu ya hita, vinapasuka.

Cheni ifute kwa kitambaa uitie oili kila mwisho wa wiki maana chumvi wanayomwaga barabarani inaila. Na taa zako nadhani unazo, nyeupe mbele nyekundu nyuma, usiku huko ni sheria na siyo hiari, ila ya mbele iinamishe kidogo kwenye njia ya mfereji usiwapofushe wanaotembea.

Hayo ya vyombo yameisha, nimeyataja haraka kwa sababu kuna jambo jingine kwenye barua yako limenikaa rohoni kuliko glovu. Umeliandika mwishoni kama unapita tu. Umesema unalala mpaka saa saba mchana, kwaya huendi, unakula mikate tu, hata vitu vingine huvitaki. Mdogo wangu, mtu aliyechoshwa na mvua anakwepa mvua. Kwaya iko ndani, ina paa, ina hita. Kwa nini na kwaya?

Kuna ugonjwa wa huzuni unaokuja na majira, madaktari wameuandika tangu 1984, unawashika watu giza linaporefuka, na dalili zake ni hizohizo, kulala sana na bado unaamka umechoka, kutamani wanga, kukosa raha na vitu ulivokuwa unavipenda. Sisemi unao, mi si daktari. Nasema Glasgow mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo limeshazama, ni masaa saba, na hayo saba wewe uko jikoni kusikokuwa na dirisha pengine. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, tumezoea jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, mwili haukuwahi kuambiwa kuna kitu kama hiki. Nenda kwa daktari pale ulipojiandikisha umwambie kama ulivoniambia mimi, neno kwa neno, hata hiyo mikate. Usiseme "niko sawa kidogo tu nimechoka" kama tunavosemaga. Na vitamini D ulizia, ushauri wa afya wa Uingereza ni mikrogramu 10 kwa siku kwa kila mtu kipindi cha baridi, na sisi wa ngozi nyeusi wanatushauri tufikirie kuitumia mwaka mzima. Kuna taa maalum pia za kukaa mbele yake asubuhi, zile zenye mwanga mkali wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), zinawasaidia wengine, muulize daktari kabla hujanunua. Na Jumapili hii nenda kwaya. Hata kama hutaimba, kaa nao.

Kuhusu aibu. Huku kaskazini wana msemo wao kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya. Utausikia sana. Mi siukubali wote. Tarehe 24 Januari 2025 ilipopiga ile dhoruba waliyoiita Éowyn, Glasgow ilikuwa ndani ya onyo jekundu, lile la juu kabisa la hali ya hewa, treni za Scotland zikasimamishwa siku nzima, hapo hakuna nguo. Onyo likiwa jekundu au la rangi ya chungwa la upepo, baiskeli inakaa ndani, mwisho. Siku hizo usizihesabu kama umeshindwa. Na hao uliowaambia nyumbani waambie ukweli, kwamba umepumzika mwezi mmoja na sasa unarudi nusu nusu, nani atakucheka? Na akicheka yuko wapi, yuko Shinyanga anaota jua.

Kurudi kwenyewe usikuanzie Jumatatu ya kazi. Subiri Jumamosi ya kukauka, fungua ramani ya mvua kwenye simu, zile zinazoonesha wingu linavokuja dakika kwa dakika, huku Groningen kila mtu anayo na kila mtu anachungulia kabla ya kutoka, utakuta kwamba hata siku unayoiita ya mvua ina matundu ya nusu saa, dakika arobaini. Toka kwenye tundu hilo. Dakika 20 za mfereji, mchana, bila begi, bila haraka, urudi unywe chai ya tangawizi. Basi, siku hiyo imetosha. Wiki ijayo asubuhi mbili za kazi na treni jioni. Na mwanga unakuja mdogo wangu, mwisho wa mwezi wa pili jua la huko linazama karibu saa kumi na mbili kasorobo, masaa mawili zaidi ya Desemba, utakuwa unatoka kazini unaona rangi ya maji tena. Ukishamuona daktari niandikie, nasubiri.

SWALI

Habari dada, mi niko Leeds, mama wa watoto wawili, namshusha mdogo chekechea kwa baiskeli kisha naenda chuo. Wiki iliyopita nilianguka kwenye daraja dogo la waenda kwa miguu, sikuona kitu, barabara ilionekana imelowa tu, nikajikuta chini na goti limevimba, namshukuru Mungu mtoto nilikuwa nimeshamshusha. Tangu hapo nikiamka nikaona baridi kali moyo unaanza kwenda mbio. Siyo uvivu, ni woga. Niendelee?

Mama Leeds

JIBU

Pole dada yangu, na mshukuru Mungu kweli kweli. Kwanza goti likiendelea kuvimba lionyeshe hospitali, usilikande tu na maji ya moto.

Huo woga wako una akili, usiufukuze. Umeanguka kwenye daraja, na daraja ndo linaganda la kwanza kwa sababu baridi inalipata juu na chini, barabara ya kawaida ina ardhi yenye joto chini yake. Ile barafu haionekani, ni nyembamba inakaa kama lami iliyolowa. Kwaiyo siku kipimajoto usiku kimeshuka kwenye sifuri au chini yake, hasa kama jana yake mvua ilinyesha, madaraja shuka usukume. Na vivuli vya ukuta mrefu ambako jua halifiki, na majani yaliyolowa, na mifuniko ya chuma ya mashimo ya barabarani. Ukijikuta umeshaingia kwenye barafu usikate kona na usiguse breki ya mbele, nyoosha usukani, acha baiskeli ipite yenyewe. Siti ishushe kidogo miguu ifike chini kirahisi, presha ya tairi punguza kidogo tairi likanyage kwa upana.

Kuna matairi yenye vijisumari vidogo vya chuma kigumu. Yana bei, ni mazito, na kwenye lami kavu yanalia kama mafuta yanayokaangiwa maandazi, lakini kwenye barafu yanashika. Kama pesa inatosha tairi moja weka la mbele, gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unajirekebisha, la mbele likiteleza umeshafika chini.

Usijilinganishe na watu wa Oulu, kule Finland, kwenye picha za watoto wanaoenda shule kwa baiskeli kwenye theluji. Mji ule ndiko mkutano wa kwanza wa kimataifa wa baiskeli za majira ya baridi ulifanyika, 2013, na njia zao zinasafishwa alfajiri watu hawajatoka. Halafu baridi yao ni kali na imetulia, theluji inakandamizwa inakuwa ngumu na kavu, tairi linaishika. Yenu ya Leeds inazunguka kwenye sifuri, mchana inayeyuka usiku inaganda upya, hiyo ni hatari kuliko yao ingawa kipimajoto kinasema ni afadhali.

Na mtoto, siku ya barafu asipande. Mtembee, au basi. Hapo siwezi kukupa jibu lenye pande mbili.

SWALI

Shikamoo. Naona mnajibu wa Ulaya tu, na sisi wa Njombe je? Mi ni mwalimu wa kike, shule iko kilomita 7 barabara ya vumbi, na saivi vumbi lote ni tope. Mvua tangu Desemba kila siku mchana, ukungu asubuhi, baridi ya huku mnaijua. Nina Phoenix ya marehemu baba. Natoka nyumbani nimevaa vizuri nafika mbele ya wanafunzi nimechafuka hadi mgongoni. Nimeanza kutembea kwa miguu, naondoka saa kumi na moja. Nimeichoka.

Ticha wa Njombe

JIBU

Marahaba ticha, na umesema haki. Baridi ya Njombe naijua, mwezi wa saba niliwahi kulala huko na blanketi tatu.

Kwako baadhi ya niliyomwambia wa Clydebank geuza. Yeye nimemwambia ashushe madigadi, wewe ipandishe, ya mbele hasa. Tope lile jekundu la huko linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, ndo unachoka hivo, unakokota tope na siyo baiskeli. Mwambie fundi aongeze nafasi ya vidole viwili, na wewe beba kijiti kigumu ukifunge kwenye fremu cha kukwangulia. Ukifika mahali pabaya kabisa shuka mapema uivushe kwenye nyasi za pembeni.

Nguo za kufundishia zipeleke shule Jumatatu, za wiki nzima, zikae kabatini ofisini na viatu vyake. Njiani vaa ya kuchafuka na mabuti ya mpira, beba chupa ya maji ya kunawa miguu. Mwanafunzi akuone ukiwa umeshabadilisha. Naamini nusu ya uchovu wako iko hapo, kwenye kusimama mbele ya darasa na tope mgongoni, kwa sababu hicho ndo umekiandika kwa uchungu, kilomita 7 umezitaja tu.

Kubwa zaidi ni breki, nalisema kwa msisitizo kwa kuwa Njombe ni milima. Phoenix ina rimu za chuma, na rimu ya chuma ikilowa raba za breki zinateleza juu yake, unakamata na baiskeli inaendelea kwenda. Kabla ya kila mteremko, ukiwa bado tambarare, kamata breki kidogo kidogo mizunguko kadhaa uifute rimu maji, usikie mpaka inaanza kushika, ndo ushuke, na ushuke polepole tangu juu, usingoje kona. Raba zikiwa zimeng'aa kama kioo zisugue na msasa, zikiwa zimeisha badilisha zote nne siku moja. Kama fundi wa hapo hana mpya mwambie akuagizie Makambako, na mpaka zifike, miteremko yote shuka uitembeze kwa mkono.